Tuuze kiwanja cha mama tukate rufaa kabla kesi haijaisha?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Nimeolewa, nina watoto wawili, na tangu baba afariki jambo lolote likitokea nyumbani simu inapigwa kwangu. Naomba unifichie jina kwa sababu kesi bado inaendelea.

Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata mimi, alikuwa stokipa kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana mwajiri alihesabu mzigo akakuta nondo na mabati yamepungua. Wakakamatwa watatu: yeye, dereva wa fuso na mlinzi wa usiku. Wakafikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi kwa shtaka la wizi wakiwa watumishi.

Hakimu alisema dhamana iko wazi, ila kwa ukubwa wa thamani ya mali iliyotajwa lazima iwekwe fedha taslimu au mali isiyohamishika yenye nusu ya thamani hiyo. Ndugu wa dereva na wa mlinzi walileta hati za nyumba, wenzao wakatoka. Sisi tuna kiwanja cha mama tu, na hakijapimwa. Tulichonacho ni karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Mtu mmoja pale kaunta alituambia karatasi hiyo haipokelewi, tukarudi nyumbani vichwa chini. Tangu siku hiyo mdogo wangu analetwa mahakamani na karandinga, wenzake wanakuja kwa bodaboda.

Mashahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, wamepita karibu wote. Askari mpelelezi alipopanda kizimbani alitoa maelezo ya onyo ya mdogo wangu, yale aliyoandikishwa polisi alipohojiwa, yanayosema kwamba alikiri kutoa mzigo usiku. Yeye anasema alipigwa nyayo tangu asubuhi mpaka jioni, akasaini bila kusomewa. Wakili wetu alipinga. Hakimu akasimamisha kesi kubwa, akasikiliza kwanza kesi ndogo ya hayo maelezo, polisi wakasema yao na mdogo wangu ya kwake. Uamuzi ukatoka kwamba pingamizi halina mashiko na maelezo yamepokelewa kuwa kielelezo. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Mdogo wangu aligeuka kunitazama, mkono mmoja ameshika kiuno cha suruali isimvuke, maana mikanda huwa wanawanyang'anya.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Wakili anasema uamuzi ule hauwezi kukatiwa rufaa sasa, tusubiri hukumu. Mama anasema amenunuliwa, kwa sababu alimwona kwenye korido akicheka na mwendesha mashtaka. Mjomba ametuletea mtu mwingine, mwanasheria, aliyekuja na hukumu ya Kenya ameichapisha na kuipigia mistari. Anasema tukienda Mahakama Kuu leo, maelezo yatafutwa na kesi itakufa hapo hapo. Anataka milioni tatu na nusu, nusu yake mkononi kabla hajaandika chochote. Jirani yuko tayari kununua kiwanja. Mama yuko tayari kuweka dole gumba.

Nikienda gerezani kumwona, mdogo wangu ana neno moja tu: "Dada, kata rufaa, mimi huku nakwisha." Mume wangu ananiambia nisikubali. Nikikataa na mdogo wangu akafungwa, ukoo wote utasema nilipenda kiwanja kuliko damu yangu. Nikikubali na rufaa ikashindwa, mama atazeeka kwenye nyumba za kupanga. Shahidi aliyebaki ni mmoja. Anti, ni kweli hatuna haki ya rufaa sasa hivi? Na tukisubiri, si ndiyo tumeshammaliza?

Dada Mkubwa

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mzigo huo, na pole zaidi kwa kuubeba huku kila upande wa familia ukikuvuta kivyake. Kabla ya kukaa kuandika nilimtafuta wakili ninayemwamini, nikamsomea barua yako bila jina. Mengi ya kisheria utakayoyasoma hapa nimeyapata kwake. Ya moyoni ni yangu.

Nianze na swali lako la kwanza kwa sababu ndilo linaloshika pesa. Mdogo wako ana haki ya rufaa. Kinachobishaniwa ni lini ataitumia. Sheria zetu za Tanzania zinatofautisha uamuzi unaomaliza kesi na uamuzi mdogo unaotolewa njiani, kesi ikiwa inaendelea. Huo mdogo, kwa kawaida, haukatiwi rufaa wala haupelekwi juu kwa maombi ya marejeo, yaani kuiomba Mahakama Kuu iliite faili na kulikagua, isipokuwa kama uamuzi wenyewe unalimaliza shtaka moja kwa moja. Katazo hilo limo kwenye Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, kwa kesi kama yenu, na limo kwenye Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141, kwa zinazotoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani. Liliingizwa na marekebisho ya mwaka 2002. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kesi isiishe alikuwa anakatia rufaa kila pingamizi dogo linalotupwa, faili linapanda juu, mashahidi wanahama miji, wengine wanafariki, shauri linabaki limelala.

Kipimo wanachotumia majaji ni hiki: je, baada ya uamuzi ule kesi imebakiwa na chochote cha kusikilizwa? Chukua hatua inayowasubiri ninyi. Shahidi wa mwisho akimaliza, Jamhuri itafunga ushahidi wake na hakimu ataamua kama washtakiwa wana kesi ya kujibu. Akisema mdogo wako hana, ameachiwa huru, shtaka limekwisha, na Jamhuri wanaweza kukata rufaa kesho yake. Akisema anayo, hakuna kilichokwisha, atajitetea, na hawezi kukimbilia juu kupinga. Najua hapo utaona mizani imeelemea upande mmoja, na mimi nililiona hivyo hivyo. Wakili akaniambia mshtakiwa naye anapata zamu yake, ila zamu hiyo inakuja baada ya hukumu.

Sasa uamuzi wa kupokea maelezo ya onyo uko wapi kwenye kipimo hicho? Kesi yenu iliendelea baada yake. Kwa hiyo wakili wenu aliposema msubiri, alisema kile ambacho mawakili wengi wangesema. Sijui kama ni mwaminifu kwenu katika mengine, simfahamu. Lakini jibu hilo pekee si ushahidi kwamba amekula hela ya mtu. Na kucheka na mwendesha mashtaka kwenye korido, mwanangu, hata mimi niliyewahi kukaa mahakamani nikisubiri shauri la mirathi niliwaona. Wanakutana kila siku kwenye korido zile zile, wengine wamesoma darasa moja. Wakili ambaye hasalimiani na upande wa pili angenitia wasiwasi zaidi.

Hukumu ya Kenya aliyokuja nayo yule bwana huenda ni ya kweli. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba rufaa ya uamuzi mdogo kwenye kesi ya jinai isubiri mwisho wa kesi, ila inaweza kuruhusiwa kwa nadra. Moja ya sababu ilizozitaja ni uamuzi unaohusu kupokelewa kwa ushahidi ambao ukikataliwa, kesi ya mashtaka inakufa au inadhoofika sana. Ukiisoma haraka unaweza kuapa iliandikwa kwa ajili ya mdogo wako. Lakini hata kule ni mlango unaofunguliwa mara chache, na hukumu ya Kenya inaweza kumshawishi jaji wa Tanzania bila kumfunga. Kwao masharti hayo yamewekwa na majaji, kwetu katazo limeandikwa na Bunge. Kwa hiyo muulize yule bwana swali fupi, tena mbele ya mjomba: ni kifungu gani cha sheria ya Tanzania kinachoruhusu rufaa hii, na anajibuje lile katazo? Aandike kwenye karatasi na kusaini. Anayejua kazi yake haombi hela kwa swali hilo. Na kabla ya hapo, tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, uone kama ni wakili mwenye leseni hai. Simwiti kishoka, yaani wakili wa bandia, sijamwona. Ila vishoka wapo, na wanapenda sana familia zenye mtu mahabusu.

Tuseme ni wakili halali na mmeamua kumfuata. Fikiria safari yenyewe itakavyokuwa. Anapeleka rufaa Mahakama Kuu, faili la kesi linaitwa juu. Kule chini kesi haisikilizwi tena, inatajwa tu, na mdogo wako anapanda karandinga kila baada ya wiki mbili kwenda kusikia tarehe nyingine. Mawakili wa Serikali wanaweka pingamizi la awali kwamba rufaa imekatazwa. Pingamizi likikubaliwa, jaji anaitupa rufaa bila kugusa kama mtoto alipigwa au hakupigwa. Faili linarudi pale pale lilipoachwa, shahidi yule mmoja bado hajasikilizwa, hela imekwisha. Dereva na mlinzi hawataumia kwa ucheleweshaji huo, wao wanalala kwao. Gharama yote inamwangukia yule aliyekuambia anakwisha.

Kuna uwezekano wa pili, na sitaki kuuficha. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuzisimamia mahakama za chini, na jaji akiona jambo limepinda waziwazi anaweza kuliita faili mwenyewe. Wapo mawakili wanaojaribu kupitia hapo. Wakili niliyemtafuta aliniambia anaiona njia hiyo kuwa nyembamba sana kwa uamuzi wa kielelezo, na kwamba akiwa yeye asingemuuzia mtu kiwanja kwa ajili yake. Hayo ni maoni yake, wakili mwingine anaweza kuona tofauti.

Swali lako la pili limenigusa zaidi: tukisubiri, si ndiyo tumeshammaliza? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu nadhani familia yenu imeuchukua uamuzi ule kama hukumu yenyewe. Kielelezo kupokelewa maana yake kimeingia kwenye faili. Hakimu bado hajasema anakiamini kwa kiasi gani. Maelezo ambayo mshtakiwa ameyakana, mahakama zetu zina mazoea ya kuyatafutia ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono kabla ya kumtia mtu hatiani. Mdogo wako akifika zamu ya utetezi anaweza kusimulia upya alivyopigwa, kuleta PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama ilikuwepo, au kumbukumbu za zahanati ya gereza kama alitibiwa alipoingia. Je, alitibiwa? Kwenye barua yako hukusema, na ni jambo ambalo dada anaweza kulifuatilia bila kuuza kitu.

Na akipatikana na hatia, uamuzi ule mdogo haujapotea. Unakuwa sababu mojawapo ya rufaa, pamoja na mengine yote, na Mahakama Kuu inaupitia ikiwa na mwenendo mzima wa kesi mezani, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa mahakamani. Hapo ndipo mambo mnayoyaona madogo sasa yanapogeuka makubwa. Umeandika kwamba alipigwa tangu asubuhi mpaka jioni ndipo akasaini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za kumhoji mtu tangu anaposhikiliwa, zaidi ya hapo lazima muda uongezwe kwa utaratibu. Mahakama ya Rufani imewahi kuyaondoa maelezo kwenye ushahidi kwa kosa hilo. Je, wakili wenu alipopinga, alitaja kipigo peke yake au alitaja na saa? Muulize, na uombe akuonyeshe kwenye nakala ya mwenendo. Jingine ni hili: kielelezo cha maandishi kikishapokelewa kinatakiwa kisomwe kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ajue kilichomo. Kisiposomwa, kwenye rufaa hufutwa. Wewe ulikuwa benchi la nyuma. Yalisomwa?

Kwa hiyo kusubiri hakumaanishi kukaa kimya. Vita vya rufaa vinapiganwa sasa hivi ndani ya chumba kile, kwa kupinga jambo pale pale linapotokea na kuhakikisha limeandikwa. Pingamizi ambalo halikutolewa wakati kielelezo kinaletwa, mara nyingi jaji wa rufaa atauliza mlikuwa wapi.

Lakini kusubiri nako kuna hatari zake, nisikudanganye. Akifungwa, ataanza kifungo wakati rufaa inashughulikiwa, na dhamana ya kusubiri rufaa si rahisi kuipata. Kuna muda wa kuzingatia: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Na hata rufaa ikishinda, mara nyingine Mahakama Kuu huagiza kesi ianze upya badala ya kumwachia mtu, kama kasoro ilikuwa ya mwenendo. Ni njia ndefu. Mama yako ana haki ya kuiogopa.

Sasa turudi kwa mdogo wako. Anasema, "Kata rufaa, mimi huku nakwisha." Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Ina mambo mawili, na ninyi nyote mmesikia la kwanza. Kinachommaliza ni maelezo ya onyo, au ni kulala mahabusu? Kama ungemwambia rufaa imeshinda lakini kesi inaendelea na yeye anabaki ndani, angefurahi? Na kama ungemwambia maelezo yamebaki lakini wiki ijayo analala nyumbani? Muulize hivyo hivyo, taratibu, bila kumwekea jibu mdomoni.

Nauliza kwa sababu dhamana ina njia yake tofauti. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuelekeza mtu apewe dhamana, au masharti yaliyowekwa na mahakama ya chini yapunguzwe, wakati kesi yenyewe bado inaendelea. Huko wala hamuhitaji kugombana na lile katazo la uamuzi mdogo kama mtakavyogombana nalo kwenye suala la maelezo. Kwa kosa linalohusu mali ya thamani kubwa, sharti la nusu limewekwa na sheria yenyewe, hivyo hakimu hakulitoa kichwani. Lakini yapo mambo mawili ya kuangalia ndani yake. La kwanza, Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba washtakiwa wakiwa zaidi ya mmoja, kiasi hicho wanagawana. Wao ni watatu. Je, mdogo wako aliambiwa alete theluthi ya hiyo nusu, au nusu nzima peke yake? Katika barua yako haijulikani, na tofauti yake inaweza kuwa kubwa kuliko hela anayotaka yule bwana wa mjomba.

La pili ndilo lililonifanya niweke kalamu chini kidogo. Sheria inasema mali isiyohamishika inatosha kuwekwa kwa hati miliki, au kama hati haipo, kwa ushahidi mwingine utakaoiridhisha mahakama kwamba mali hiyo ipo. Nani aliwaambia karatasi yenu haipokelewi? Mtu wa kaunta. Je, hakimu aliwahi kuiona? Wakili wenu aliwahi kusimama na kuomba ipokelewe, pengine pamoja na barua ya mtendaji wa mtaa na tathmini ya mthamini? Inawezekana hakimu angeikataa. Wengi hawapendi karatasi za mauziano kwa sababu kiwanja kimoja huwa kimeuzwa kwa watu watatu. Lakini kukataliwa na hakimu kwa sababu zilizoandikwa ni kitu ambacho wakili anaweza kukipeleka Mahakama Kuu. Kukataliwa kaunta hakuna pa kukipeleka.

Unaona ninakoelekea, na naomba usinichukulie kwamba nimekuamulia. Kiwanja kile kile mnachotaka kukiuza kulipia rufaa, huenda kingeweza kuwekwa rehani ya dhamana na kikabaki cha mama. Hilo nalo lina meno. Mdogo wako akiruka dhamana, kiwanja kinaweza kutaifishwa. Wewe unamjua, mimi simjui. Je, ni mtu wa kusimama mpaka mwisho, hata akiona hukumu inakwenda vibaya? Na kiwanja ni cha mama peke yake, au ndugu wengine wana sehemu yao tangu baba afariki? Kama mirathi haijafungwa, hata huyo jirani mnunuzi anaweza kujikuta kwenye shauri lingine.

Njia ya dhamana nayo haina uhakika wa haraka. Wakili alinikumbusha kesi ya viongozi wawili wa Chadema wa wakati huo, Freeman Mbowe na Esther Matiko. Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, iliwafutia dhamana Novemba 2018, wakakata rufaa Mahakama Kuu. Jamhuri wakaweka pingamizi, likatupwa, Jamhuri wakakimbilia Mahakama ya Rufani, na Mahakama Kuu ikalazimika kusimama kusubiri. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo tarehe 1 Machi 2019, na wakatoka tarehe 7 Machi. Miezi zaidi ya mitatu, na walikuwa na mawakili wazito. Kesi ya stokipa haivutii macho ya namna hiyo, na huenda hakuna atakayejisumbua kupinga. Lakini ujue kwamba kila mlango wa juu una watu wawili wanaoweza kuugonga.

Yapo na mambo ya katikati ambayo hayahitaji kiwanja. Shahidi amebaki mmoja: kama haji na kesi inaahirishwa kila mara, wakili anaweza kumwomba hakimu aufunge ushahidi wa Jamhuri, au familia inaweza kuandika kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi kulalamikia ucheleweshaji. Barua iwe juu ya ucheleweshaji, isiwe ya kumlaumu hakimu kwa uamuzi wake, itawaharibia. Kama imani kwa wakili wenu imekwisha kabisa, mnaweza kumbadilisha, ila mpya atahitaji muda wa kusoma faili na muda huo unahesabiwa mahabusu. Mnaweza pia kutafuta maoni ya tatu kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawachukui hela kwa ushauri.

Kuhusu ukoo utakavyosema, sina dawa. Umejiweka mahali ambapo ukisema ndiyo unamdhulumu mama na ukisema hapana unamdhulumu mdogo wako. Mimi nasoma barua yako naona mama amekubali kwa hofu, mjomba ameleta mtu kwa nia njema, mume anaangalia watoto wake, na mfungwa anapiga kelele ya mtu anayezama. Hakuna aliyekaa na wenzake na karatasi mezani. Je, mjomba anajua kwamba kiwanja kinaweza kuombewa dhamana? Je, wakili wenu anajua kwamba mama anamshuku? Ukimwambia, kwa adabu, pengine atakasirika, pengine atawafafanulia kwa mara ya kwanza kile alichokifanya pale mahakamani. Watu wa sheria wana tabia ya kudhani kila mtu ameelewa.

Mwombe jirani awape muda, bila kupokea hata shilingi yake ya kishika nafasi, maana ukishaishika mazungumzo ya nyumbani yatageuka. Kisha nenda masjala na wakili, au na barua yake, muombe nakala ya amri ya dhamana kama ilivyoandikwa na hakimu, pamoja na mwenendo wa siku maelezo yalipopokelewa. Ukizipata, niandikie tena uniambie kiasi kilichotajwa kwa kila mshtakiwa.

Anti